Tanzia Yenye Uso Wangu

Jumatano, 8 Oktoba

Tumetoka saa nne badala ya saa moja, kwa sababu Gancho habanduki nyumbani bila kahawa mbili. Jirani yetu Velichka alitoka na sufuria ya maji, akayamwaga mbele ya magurudumu ili safari iteleze, kisha akaingiza kichwa dirishani akaniambia, "Rayna, uchunge mdomo wako huko njiani." Nikamjibu kwamba mdomo wangu una miaka sitini na tisa, hakuna aliyewahi kuuchunga, na hauanzi leo.

Niandike basi kwa nini nimo ndani ya gari hili. Gancho ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Stanka. Kwa vuli thelathini na moja wamekuwa wakizunguka milima ya Rodopi na hema lao majani yakigeuka rangi, polepole, wanalala pale wanapopapenda. Mwaka jana walikwenda, wakakaa siku kumi na tano, na Gancho akanirudishia mdogo wangu akiwa mifupa mitupu. Alikufa siku ya tatu, tarehe 22. Daktari wa zamu alinitazama akasema, "Mngemleta mapema, mama." Mimi nimekuwa muuguzi miaka thelathini na minne, na maneno hayo nimeshawaambia watu wengi. Sikujua yanachoma hivyo.

Sasa mwaka unatimia. Gancho amechapisha karatasi za tanzia za kumbukumbu, zenye jina na picha ya Stanka, na anataka kuzibandika kila mahali walipokuwa wakipiga hema, maana huko nako walimjua. Akaniomba, "Shemeji, twende wote. Wewe ni damu yake." Nimekubali kwa kuwa nina swali moja la kumuuliza: kwa nini ulikaa naye porini siku zote hizo na huku unamwona anakwisha? Na mkobani nina karatasi aliyoniachia tangu Machi. Anaomba siku yake ikifika azikwe kwenye kaburi la wazazi wetu, alipolala Stanka. Mrithi aliyebaki ni mimi. Bila sahihi yangu atalala peke yake upande wa pili wa makaburi, huko kwenye nyasi. Sijaitia sahihi. Akinijibu vizuri, nitaitia. Asiponijibu, ng'o.

Anaendesha kilomita arobaini kwa saa. Trekta limetupita, na dereva wake akatupungia mkono.

Alhamisi, 9 Oktoba

Makubwa haya! Nimekufa.

Asubuhi tulisimama kwenye chemchemi ya kwanza, juu kidogo ya monasteri. Gancho akatoa bunda lake la karatasi, bado limefungwa kama lilivyotoka kwa mpiga chapa. Akachomoa moja, akaipaka gundi ya unga kwa brashi, akaibandika kwenye ubao wa matangazo haraka haraka huku amegeuza uso pembeni. Mimi nilikuwa nakinga maji kwenye chupa. Nikainua macho, na nani ananitazama kutoka ndani ya mpaka mweusi wa karatasi? Mimi. Mimi na kilemba changu cha buluu, chini ya maneno MWAKA MMOJA WA HUZUNI, na jina la Stanka.

"Gancho! Huyu ni nani?"

"Stanka."

"Stanka gani? Tazama!"

Akatazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliitazama karatasi hiyo. "Mama wee," akasema. "Nilimpa picha ile mliyopiga pamoja kwenye harusi ya binamu yenu. Mpiga chapa amemkata Stanka, akakuacha wewe."

"Na wewe hukuangalia?"

"Sikuweza kuangalia, shemeji."

Nimepiga kelele mpaka ng'ombe wa ng'ambo wameinua vichwa. Nilitaka turudi mjini zikachapwe upya. Gancho alisema kwamba kurudi na kusubiri kutachukua siku tano, na tarehe 22 lazima awe Dospat, ziwani, walipopiga hema mara ya mwisho. Picha nyingine hana, zote ziko ukutani nyumbani. Basi nikachukua kalamu ya wino mweusi, nikaandika chini ya uso wangu kwa herufi kubwa: HUYU YU HAI. KOSA LA MPIGA CHAPA.

Zimebaki tisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ukungu. Tumesafiri kilomita kumi na nne tu, kwa sababu Gancho aliona mti.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niseme kweli, ule mti wa jana ulikuwa mzuri. Lakini sikumwambia.

Kulala kwenye hema si mchezo kwa mtu mwenye magoti yangu. Kuna mahema mawili, langu na lake, na katikati jiko la gesi. Kila asubuhi Gancho anapanga vikombe vitatu juu ya jiwe: chake, changu, na kile cha Stanka cha bati la buluu. Anatia kahawa vyote vitatu. Tukishakunywa, anakwenda kumwaga ile ya tatu chini ya mti, polepole, kama anamwagilia mche. Siku ya kwanza nilimwambia kahawa imepanda bei. Hakunijibu. Huyu mtu hajibu, ndiyo tabia yake tangu anamposa Stanka. Baba yetu alisema, "Huyu kijana ama ana hekima ama hana ulimi." Mpaka leo hatujui.

Karibu na Chepelare tumebandika ya pili. Mzee mmoja mwenye mbwa akasimama kuisoma, akanitazama, akaisoma tena, akajipiga ishara ya msalaba mara tatu.

"Mama, hujambo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijambo, na ningefurahi zaidi kama ungeacha kunizunguka."

"Basi utaishi miaka mia. Anayetangaziwa kifo akiwa hai, mauti humsahau."

Gancho akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana, na nikakasirika kwamba anaweza kucheka. Hii ya pili nimeandika: Huyu yu hai. Aliyefariki ni mdogo wake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Tumecheza karata ndani ya gari. Ameniibia mara mbili, nimemshika mara moja.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua ingali inanyesha. Mlima mzima una harufu ya majani yaliyooza na moshi wa pilipili hoho. Kila kibanda tunachopita kuna mwanamke anachoma pilipili za kuweka kwenye chupa kwa ajili ya baridi.

Huko Shiroka Laka mwenye duka alipopewa karatasi aliisoma akaanza kulia hapo hapo kaunta. "Stanka! Kila mwaka alikuja kunifundisha kukoroga pilipili zangu, na kila mwaka nilimwambia anakosea!" Kisha akanitazama. "Ila hii picha, si yeye. Yeye alikuwa mzuri zaidi. Samahani lakini."

"Usiombe samahani," nikamwambia. "Hilo nimelijua tangu nikiwa na miaka minne."

Nimekaa kwenye gunia la viazi dukani kwake, tukazungumza juu ya Stanka saa nzima. Amenihadithia mambo nisiyoyajua. Kumbe mdogo wangu alikuwa anaimba barabarani. Nyumbani hakuimba hata wakati wa Krismasi. Kwangu alikuwa mtu wa "ndiyo dada, sawa dada".

Karatasi ya dukani nimeandika: Huyu si Stanka. Stanka alikuwa mzuri zaidi, hasa akiimba. Gancho akaisoma, akanipa nusu ya mkate wake wa jibini.

Swali langu bado liko kooni. Mara tatu leo nimefungua mdomo, mara tatu amesimamisha gari kutazama bonde.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo niandike yote hata mkono ukifa ganzi.

Mvua ilikatika asubuhi. Tukashuka kwenye korongo la Trigrad, kuta za mawe zimesimama kila upande, mpaka kwenye malisho ya Hatije. Hatije ni mjane wa Kiislamu wa kijiji kile. Anauza asali na viazi kando ya barabara, na kwa miaka yote hiyo amewaacha Gancho na Stanka wapige hema kwenye nyasi zake. Gancho alitangulia kubandika karatasi langoni, mimi nikabaki garini natafuta soksi kavu. Niliposhuka, Hatije alikuwa amesimama mbele ya lango anaisoma. Akageuka.

"Bismillahi!" Ndoo ya viazi ikamwanguka, viazi vikabingirika mpaka barabarani.

"Mimi si mzimu," nikasema, nikainama kuokota. "Ni kosa la mpiga chapa."

Akanitazama muda mrefu, mkono kifuani. Halafu uso wake ukabadilika. "Ah. Wewe ndiye dada. Yule muuguzi. Yule ambaye Stanka alikuwa anamwogopa."

"Nani alikuwa ananiogopa?"

"Si nimesema, Stanka. Nani mwingine?"

Gancho alikuwa anafunga kamba za hema mbali kidogo. Niliona mikono yake imesimama.

"Hatije," akasema, "acha."

"Siachi. Wewe uliapa, mimi sikuapa." Akanishika mkono, akanikalisha kwenye benchi lake chini ya mlozi. "Dada, mwaka jana walikaa kwangu siku sita. Alikuwa hawezi kumeza hata mtindi. Nilimgombeza mume wake: mpeleke hospitali, una moyo gani wewe? Stanka ndiye aliyenikemea. Akaniambia alishaonwa na daktari Plovdiv mwezi Agosti, akaambiwa ana miezi miwili, hakuna dawa. Akasema anataka kuyaona majani. Nikamuuliza, na dada yako anajua? Akasema, 'Dada yangu akijua, atanifunga dripu nife nikitazama dari.'"

Viazi nilivyokuwa nimeviokota nikavirudisha ndooni, kimoja kimoja.

Kisha nikasimama nikamwendea Gancho, na maneno yakaja yote kwa pamoja. Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia anajificha nyuma ya mwanamke wa watu. Akaniacha nimalize. Akaenda garini, akafungua kisanduku cha mbele, akaniletea bahasha. Barua ya hospitali, tarehe 14 Agosti mwaka jana. Nimesoma barua kama hizo maisha yangu yote, najua mstari gani wa kutazama. Saratani ya kongosho, na ini lote. Hata angeletwa siku ileile, tungemchosha tu.

"Mwaka mzima, Gancho. Siku ya arobaini nilikuita muuaji mbele ya ukoo, na ngano iliyochemshwa ya kumwombea marehemu iko mkononi. Ulinyamaza! Kwa nini?"

"Niliapa."

"Alishakufa!"

"Ndiyo maana. Angekuwa hai ningemwomba aniachilie kiapo." Akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa, na mimi nikaona kwamba ni mzee. "Halafu nilifikiri hivi, shemeji. Ukinichukia mimi, mimi nipo, siku moja utachoka. Ukimkasirikia marehemu utamkasirikia mpaka lini?"

Hatije ametupikia viazi na siagi. Sikuweza kula. Kwenye karatasi ya lango lake sikuandika kitu. Uso wangu uko pale na jina la mdogo wangu chini yake, hauna maelezo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimefua soksi zote, hata zilizokuwa safi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Bado tuko kwa Hatije. Gancho hajaniuliza tunaondoka lini. Asubuhi ameweka vikombe vitatu kama kawaida, akaenda kukusanya kuni.

Nimemkasirikia Stanka siku mbili. Nimemwita majina yote kimoyomoyo. Mnafiki, mwoga, mtoto wa mwisho asiyekua. Dada yako nimekulea, nimekusuka nywele, nimekufukuzia bata mzinga aliyekuwa anakuuma, na kifo chako unakificha kwangu, unamweleza muuza viazi!

Leo mchana nilikuwa namsaidia Hatije kuchambua maharage, na nje mti wake wa plamu unapukutisha majani. Akasema, si kwa kusudi, "Mama yangu alifia pale chini ya mti. Tulimtoa na godoro. Alitaka."

Nikamkumbuka mama yetu.

Niandike jambo hili, maana sijawahi kuliandika. Mama alikuwa wodini kwangu wiki sita. Mimi ndiye niliyemweka. Mirija puani, mirija mkononi, kila kitu sawasawa, shuka safi, hakuna mgonjwa aliyetunzwa kama yeye. Kila siku alisema, "Rayna, nipeleke nyumbani, plamu zimeiva." Na kila siku nilimwambia, "Wiki ijayo, mama." Nilijua hakuna wiki ijayo. Stanka alikuwa amekaa miguuni pa kitanda anatusikiliza. Siku moja aliniambia, "Dada, tumpeleke tu." Nikamjibu mbele ya wauguzi wote, "Wewe unajua nini?" Akasema sawa dada.

Hakuwahi kunilaumu. Aliangalia tu, akajua mimi ni nani, na zamu yake ilipofika akajipangia mwenyewe. Sikumwacha na njia nyingine.

Nimelia juu ya maharage ya watu. Hatije akasogeza sinia pembeni yasilowe, akaniambia, "Lia, dada, haya yataoshwa tena."

Jumapili, 19 Oktoba

Nimemuuliza Gancho jambo nisilowahi kumuuliza: alikufaje barabarani, yaani aliishije zile siku za mwisho. Amezungumza, Gancho huyu huyu! Amesema alimbeba mgongoni mpaka kwenye ukingo wa korongo, na alikuwa mwepesi, na Stanka alimpiga kofi la kichwa akimwambia asikimbie kama mbuzi. Amesema maumivu yalipozidi walikuwa na dawa, daktari alimpa za kutosha. Niliuliza dozi, naye akaikumbuka sawasawa. Alikuwa anaandika saa zake nyuma ya ramani. Ameniletea ramani hiyo. Saa zote zimo, mwandiko umenyooka. Hata muuguzi wangu bora hakuwa anaandika hivyo.

"Umefanya kazi nzuri," nikamwambia.

Akageuka kutazama bonde, na safari hii nimemwacha atazame.

Jumatatu, 20 Oktoba

Tumeondoka Trigrad. Hatije alimwaga maji nyuma ya gari, akanipa chupa ya asali na akanibusu. "Karatasi ya lango langu siitoi," akasema. "Wakiuliza kama umekufa nitasema bado, una shughuli."

Misitu yote sasa ni ya shaba. Karatasi tano tumezibandika njiani. Nimemwambia Gancho asimame mara mbili. Mara ya pili akanitania, "Shemeji, tutachelewa." Nikamkata jicho.

Jumanne, 21 Oktoba

Dospat. Ziwa limetulia, asubuhi kulikuwa na barafu nyembamba kwenye kamba za hema. Magoti yananitukana. Mchana nimechemsha ngano.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo ndiyo siku. Mwaka mmoja.

Asubuhi nimeamka kabla ya Gancho, na mimi ndiye niliyeweka vikombe vitatu juu ya jiwe. Alipotoka hemani akaviona, akasimama na kiatu kimoja mguuni. Kahawa ya Stanka nimeimwaga mimi, chini ya msonobari mkubwa ambao mwaka jana walifungia kamba za hema lao. Alama ya kamba bado iko kwenye gome.

Tumewasha mshumaa, tumeweka maua manne. Ngano yenye sukari tumewapa wavuvi wawili na mke wa mmoja wao, wakala wakasema "Mungu amsamehe," nasi tukasema amina. Mvuvi mmoja akauliza marehemu alikuwa nani. Gancho akafungua mdomo, kisha akanitazama mimi niseme. Nikasema, "Mdogo wangu. Alikuwa anaimba barabarani."

Imebaki karatasi moja. Gancho ameipaka gundi na kuibandika kwenye msonobari, na safari hii hakugeuza uso. Akanipa kalamu akaenda kuosha brashi ziwani. Nimesimama pale muda mrefu nikijitazama na kilemba changu. Halafu nimeandika:

Stanka, huyu ni mimi, Rayna. Nimekuja kuyaona majani. Ulifanya vizuri kutoniambia, na mimi ndiye niliyekosa. Mwambie mama plamu zimeiva.

Gancho aliporudi akaisoma, midomo inatembea kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Hujaandika kuhusu kosa la mpiga chapa," akasema.

"Sijaandika."

Nikafungua mkoba, nikatoa ile karatasi ya Machi, nikaiweka juu ya boneti la gari nikatia sahihi. Nikamwambia Gancho tutaipeleka kwa mthibitishaji wa sahihi tukirudi, na kwamba kaburini asithubutu kulala upande wa kushoto, huo ni wangu, tangu utotoni Stanka analala katikati.

"Sawa shemeji," akasema. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kikombe cha buluu, akakishika kwa mikono yote miwili.

Sasa ni alasiri. Ameanza kung'oa vigingi vya hema ili tuondoke kabla ya giza, anajua mimi ni mtu wa haraka. Nimemwambia avirudishe.